Si dawa feki tu, wadau

Wadau, sisi waandishi tukisikia dawa imedhuru watu, kichwa cha habari kinakuwa tayari mezani: DAWA FEKI ZAZAGAA. Hata mimi nimeshaandika hivyo, sikatai.

Sasa wiki iliyopita nimemkuta dada yangu anachanganya antibayotiki ya unga ya mwanawe kwa maji ya bomba, hayajachemshwa. Dawa halali, risiti ipo. Dirishani aliambiwa "jaza mpaka kwenye mstari", basi. Maji gani, hakuna aliyesema.

Na maji ndiyo mlango mkubwa wa vijidudu, iwe kiwandani au jikoni. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas, huyu hata chakula cha maana hadai. Anajishikiza ndani ya bomba, anajijengea utando, anasubiri. Vingine huingia kwa mikono ya wafanyakazi, malighafi, hewa na chupa zenyewe.

Mwaka 2023 huko Marekani Pseudomonas sugu alihusishwa na matone ya macho yaliyotengenezwa India. Wagonjwa 81, wanne wakafa, 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Chupa ilikuwa ya kutumia mara nyingi, lakini kinga ya kutosha dhidi ya vijidudu haikuwemo. Hizo hazikuwa za magendo jamani, ziliuzwa wazi.

Uingereza nako, 1972, katika hospitali ya Plymouth, vifo vya wagonjwa vilihusishwa na dripu za dextrose zenye bakteria. Kwenye mtambo wa kuchemshia hewa ilibaki chini, chupa za huko hazikupata joto. Kipimajoto kilionyesha, wakadhani kimeharibika! Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Ndiyo maana sina imani na wanaosema "imepimwa". Ukipima chupa chache kati ya maelfu, mbovu inakupita. Nataka tuulize kiwanda maji yake yanatoka wapi na nani anasoma kipimajoto. Na maduka ya dawa yaweke maji yaliyochemshwa yakapoa, muuzaji achanganye mwenyewe na kuandika tarehe kwenye chupa. Gharama yake ni birika na kalamu.

Ile chupa ya mjomba wangu tuliimwaga, nikanunua nyingine. Kabatini nikakuta na matone ya macho ya dada, yalifunguliwa hakumbuki lini. Tuligombana kidogo, akayatupa.