Usikariri Kioo, Jipime kwa Kamba

Ukiulizwa tabia za taswira katika kioo bapa, unaandika haraka: si halisi, imesimama wima, ukubwa wake ni sawa na wa kitu, imegeuka kushoto na kulia. Alama unapata. Lakini mbona kioo hicho hakigeuzi juu na chini? Hapo wengi hukwama. Kwa maoni yangu, anayekariri sentensi hiyo bila kuielewa hujinyima fizikia na kemia kwa pamoja.

Kioo hugeuza mbele na nyuma. Simama ukitazama kioo kilicho kaskazini. Taswira yako inatazama kusini, ila mkono wako wa mashariki umebaki mashariki. Kwa sababu hiyo mkono wa kulia unaonekana kuwa wa kushoto.

Hapa Handeni na Korogwe tuna kifaa rahisi cha kujipima: kamba ya mkonge. Ishike wima, uangalie nyuzi zilizosokotwa zinapanda kuelekea kulia au kushoto. Igeuze juu chini: zinapanda upande uleule. Iweke mbele ya kioo: taswira inapanda upande wa pili. Uizungushe utakavyo, kamba haitalingana na taswira yake.

Molekuli nazo ziko hivyo. Katika butani-2-oli, kaboni ya pili imeungana na vitu vinne tofauti: H, OH, CH₃ na C₂H₅. Molekuli hiyo hailingani na taswira yake. Propani-2-oli ina CH₃ mbili kwenye kaboni ya katikati, hivyo inalingana. Molekuli isiyolingana na taswira yake huitwa kairali, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono.

Usidhani ni mchezo wa maneno. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hutengenezwa kwa umbo la upande mmoja. Pacha wake wa kwenye kioo ana atomi zilezile, zilizoungana kwa mpangilio uleule, lakini nguvu yake dhidi ya vijidudu ni ndogo mno. Ni kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia.

Kwa hiyo andika sentensi ya kitabu upate alama, lakini uwe na sababu yake kichwani. Kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, chukua kijiko, kiatu na skrubu. Kipi kinalingana na taswira yake? Toa sababu.