Mtoto karudi, nyumba ni ileile

Kabla hakimu wa mahakama ya watoto hajatoa amri, afisa ustawi wa jamii humwekea mezani taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Humo mna yale ambayo hati ya mashtaka haiyasemi. Tuseme ni mvulana wa miaka 14 aliyeiba simu. Shule aliacha mwaka juzi. Mama huamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, baba amezama kwenye gongo, kodi ya chumba inadaiwa miezi mitatu, na mdogo wake ana kifafa, dawa zimekwisha. Hakimu anasoma, anaelewa. Kisha amri inamgusa mvulana peke yake.

Hapo ndipo tunapopaza sauti.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni nzuri, tunasema hivyo kwa dhati. Imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na imempa hakimu uwezo wa kumwachia kwa masharti, akabidhiwe mzazi au ndugu. Lakini mzazi huyo anakabidhiwa mtoto pamoja na nini? Mtoto arudi shule, sare hana. Asizurure usiku, alfajiri mama yuko jikoni, na baba hajulikani alipolala. Masharti yakivunjika, anayerudi mbele ya hakimu ni mtoto, na safari hii anaitwa sugu.

Ikishindikana kabisa, ipo Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Mama wa Bukoba atakwenda kumwona mwanawe kwa nauli ipi?

Kinachouma ni kwamba misaada ipo. TASAF ina mpango wa kunusuru kaya maskini, kata zina kamati za MTAKUWWA, yaani mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kila meza ina daftari lake, na mama anasimulia aibu ileile meza hadi meza, mpaka anaacha kwenda. Anayeijua nyumba hiyo yote ni afisa ustawi, naye anasubiriwa na ndoa zilizovunjika, wazee na watoto waliotelekezwa.

Tunazitaka serikali na Mahakama zisikubali taarifa ile ifungwe kabatini siku ya amri. Halmashauri imtaje afisa mmoja wa kuibeba familia nzima, na hakimu apange tarehe ya kumuuliza: dawa za kifafa zimepatikana? Baba ameanza tiba? Sare imenunuliwa? Tarehe hiyo iandikwe kwenye amri yenyewe, mama akiwa bado amesimama pale mahakamani.