Takataka za viwanda zina mafuta: leta ifungue mlango, vijana tuko tayari

Tumezoea kuandika hapa juu ya barabara, maji, umeme na usalama. Leo tunaandika juu ya mafuta, na juu ya vitu ambavyo viwanda vinatupa. Kuna watakaosema hiyo haiko kazi ya vuguvugu la raia. Tunawajibu: kila kitu kinachomwagwa ndani ya mto wetu, na kila kazi ambayo kijana ananyimwa, inatuhusu.

Kila mtu wa Kivu anajua chachu, hata kama hajasoma. Mama wa mandazi anaita levire. Kasiksi ya ndizi haiwezi kuiva bila chachu. Ile ya mikate inakula sukari, inatoa hewa na pombe. Lakini kuna chachu za aina ingine, sawa Yarrowia lipolytica, Rhodotorula toruloides na Lipomyces starkeyi. Hizo ukizipatia sukari mingi, kisha azoti ikawaishia, zinaacha kuzaana na kuanza kuweka akiba ya mafuta ndani ya mwili wao. Ni sawa mtu anayekula sana bila kutembea. Wataalamu wanaziita chachu za mafuta pale mafuta yanapopita 20% ya uzito wao mkavu. Zingine zinapita 60%. Mafuta yale yanafanana na ya mimea. Yanaweza kutoa sabuni, mafuta ya mashine, hata chakula cha samaki.

Hii si hadithi ya jana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilikosa mafuta, na wanasayansi wake wakajaribu kuyatoa ndani ya chachu. Karibu mwaka 2010, kampuni DuPont ya Marekani iliuza mafuta ya omega-3 kutoka Yarrowia iliyobadilishwa vinasaba, na samaki salmoni wakalishwa chachu hiyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ni ndoto ya wanafunzi.

Juu ya nini inatuhusu sisi Wakongomani? Kwa sababu historia ya mafuta katika nchi hii ni historia ya ardhi. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpatia Mwingereza William Lever ruhusa ya kuchukua maeneo makubwa ya mawese, na wazee wetu wakafanyishwa kazi kwa nguvu. Hadi leo, kila mara mtu anataka mafuta mengi, anaanza kwa kutafuta msitu wa kukata ao shamba la mtu. Chachu haiombi shamba. Inaomba tanki, hewa, na kitu chenye sukari ambacho hakuna mwenye kukila.

Hapo ndipo tunataka kusema ukweli wote, maana vuguvugu letu halidanganyi watu. Inaomba karibu kilo tano za sukari kupata kilo moja ya mafuta. Mtu akichukua sukari ya duka ao muhogo wa wamama kulisha chachu, huyo anatuua njaa. Kwa bei, chachu haitashinda bidon ya mawese kwenye soko ya Kadutu, na hatuombi ishindane nayo. Hesabu inaweza kukubali tu kama sukari ni ya kutupwa, na kama mafuta yanaenda pale yanalipa vizuri.

Basi tuangalie kwetu. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama katika vita ya 1996. Ahadi za kukifufua tumezisikia toka tuko watoto. Kinapotoka sukari, kunabaki melasi, ule uji mweusi, na karibu nusu yake ingali sukari. Melasi ni chakula kizuri cha chachu hizi. Anayepanga kufufua Kiliba bila kupanga melasi itaenda wapi, anapanga nusu ya kiwanda.

Viwanda vya pombe vina mabaki yao pia. Lakini tusikimbilie. Dreshi haiko takataka: wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wanainunua, na familia nyingi zinasomesha watoto kwa njia hiyo. Tena sukari yake imefungwa ndani ya maganda, inaomba asidi ao enzimu kuifungua. Atakayenyang'anya wafugaji dreshi kwa jina la maendeleo, atatukuta barabarani. Tunachotaka kijulikane ni yale maji machafu yanayoshuka: yana nini ndani, ni litre ngapi kwa siku, na yanaenda wapi.

Kiufundi hakuna muujiza. Tanki inaomba hewa bila kusimama kwa siku kadhaa. Umeme ukikatika usiku, chachu inakosa hewa, na kazi ya siku zote inaharibika. Kwa hiyo anayetuuliza kama tuko na akili ya kufanya hivyo, tunamuuliza kama yeye iko na umeme wa kutupatia.

Akili iko. Pharmakina inatoa kinini ndani ya maganda ya mti hapa Bukavu. Kule Mutwanga, wilaya ya Beni, watu wanatoa enzimu ndani ya utomvu wa papai. Kituo cha utafiti cha Lwiro kina mizizi toka 1947. Na sisi wenye diplome za kemia, biolojia na agronomia tuko wengi: tunauza mayunite, tunaendesha moto za watu, tunaambiwa kila siku tulete uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu utatoka wapi kama hakuna hata laboratware inayofunguliwa?

Katiba yetu, katika kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu. Kifungu cha 53 kinatupatia haki ya mazingira safi, na kinatupatia pia wajibu wa kuyatetea. Sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ilifuata. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba mambo matatu:

1. Kila kiwanda kitangaze mabaki yake: aina, wingi, na mahali yanatupwa. Serikali ya jimbo ibandike orodha hiyo pale raia wanaweza kuisoma.

2. Lwiro na mauniversite yetu wapewe tanki moja ya majaribio, yenye umeme wake, na vijana waingie kwa mashindano ya wazi, si kwa jina la baba.

3. Mkataba wowote wa kufufua Kiliba useme waziwazi juu ya melasi, na sehemu ya faida ibaki kwa watu wa Uvira.

Tanki moja haitamaliza ushomeri, tunajua. Lakini itatuonyesha kwa hesabu, si kwa hotuba, kama mafuta haya yanalipa ao hayalipi hapa kwetu. Ikilipa, tutakuwa tumepata kazi bila kukata mti hata mmoja. Isipolipa, angalau tutakuwa tumejua ni nini kinachomwagwa ndani ya Ruzizi, na nani anakimwaga.

Tutarudi kuuliza orodha hiyo. Tutarudi wengi.