USIPOZIBA UFA

Mtu wa Kisangani akisikia habari za bwawa la samaki nyumbani, huenda akacheka. Atasema: "Mto si huu hapa? Wagenia si hawa, na migono yao kwenye maporomoko?" Ni kweli. Lakini mama wa nyumba ajua bei ya samaki sokoni siku wavuvi waliporudi mikono mitupu. Tilapia wachache karibu na jiko si jambo la kuchekwa.

Sisi wenyewe tulijenga bwawa la matofali, urefu mita 3, upana mita 2. Tulilijaza jioni, asubuhi maji yalikuwa yamepungua shibiri nzima. Kwa hasira tukapiga lipu siku moja, siku ya pili tukajaza maji, tukatia samaki. Maji hayakuvuja tena, lakini samaki wote walielea wamekufa, na watoto walituuliza maswali tusiyoweza kuyajibu. Kosa la kwanza lilitupotezea maji, la pili likatupotezea samaki. Basi na tuyaeleze yote mawili, msije mkayarudia.

Kwanza, hakikisheni kwamba bwawa lavuja kweli, kwa maana jua nalo hunywa maji. Wekeni ndoo ya maji kando ya bwawa, mtie alama katika vyote viwili. Baada ya siku moja pimeni. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, bwawa lavuja. Yaacheni yashuke mpaka yasimame: ufa hutafutwa karibu na mstari huo. Yakiisha yote, tazameni sakafu na mahali bomba lipitapo ukutani.

Pili, ondoeni maji na kusugua utelezi wote. Msipake simenti juu ya ufa tu. Uchongeni kwanza uwe mpana, mwoshe vumbi, mloweshe ukuta, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya lipu na kuidhoofisha. Changanyeni simenti sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3. Mchanga wenye udongo uoshwe kwanza. Pigeni lipu mara mbili, kisha pakeni uji mzito wa simenti na kuulainisha kwa mwiko. Pembe za chini ziviringeni kwa chupa, kwa kuwa pembe kali hupasuka upesi. Lakini kama sakafu imetitia, lipu haitafaa kitu: shindilieni ardhi na kumwaga zege jipya lenye waya ndani.

Tatu, funikeni kazi kwa magunia yaliyoloweshwa, mkayanyunyizie maji siku 7. Lipu iliyokaushwa na jua la mchana mmoja itapasuka tena.

Hapo ndipo wengi hukosea, kama tulivyokosea sisi. Simenti mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na maji hayo makali huunguza matamvua ya samaki. Jazeni bwawa, liache juma moja, mwageni maji. Fanyeni hivyo mara tatu. Kisha tieni samaki wawili au watatu tu. Wakiishi siku kadhaa, leteni wenzao. Wala msipake lami ya barabara wala rangi ya mabati, maana huweza kuwatilia samaki sumu.

Mvua ya kwetu ni nyingi, kwa hiyo wekeni bomba la kutolea maji ya ziada, lenye wavu wa waya mdomoni, samaki wasije wakaondoka na mafuriko. Zungusheni pia ua imara: maji ya kufika magotini kwa mtu mzima yatosha kumzamisha mtoto.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ukiisha kuuziba, ngoja. Majuma manne ya subira ni bei ndogo kuliko machozi ya watoto.