Mimba zabibu: Kusafishwa kizazi si mwisho wa vipimo

Mama ana mimba ya miezi mitatu. Anatapika kuliko alivyotapika kwa watoto waliotangulia, tumbo limekua haraka hadi mashoga wanamtania kuwa ni mapacha, kisha siku moja anaona damu. Kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo. Ultrasaundi inaonyesha jambo jingine: ndani ya mfuko wa uzazi hakuna mtoto, kumejaa vifuko vidogo vya maji kama kichala cha zabibu.

Hiyo ndiyo mimba zabibu. Yai limerutubishwa likiwa na kasoro ya vinasaba na kondo limekua ovyo. Hakuna aliyemroga mama, ingawa maneno hayo huwa ya kwanza kusikika nyumbani.

Mimba ikiwa changa zaidi, picha inaweza kufanana na ya mimba iliyoharibika kawaida. Kwa hiyo kinachotolewa wakati wa kusafisha kizazi kipelekwe maabara, kisitupwe. Mwombeni daktari hilo mapema.

Baada ya kusafishwa wengi hupona. Lakini kwa mimba zabibu kamili, takribani wanawake 15 kati ya 100 hubaki na chembe zinazoendelea kukua, na chache hugeuka saratani ya kondo. Ndiyo sababu homoni ya hCG hupimwa kila wiki moja au mbili hadi irudi kawaida, kisha kwa miezi kadhaa. Katika kipindi hicho mama atumie uzazi wa mpango, kwani mimba mpya nayo hupandisha homoni hiyo na kumchanganya daktari.

Homoni isiposhuka, mama hurudishwa kwenye ultrasaundi, safari hii kutazama kama ukuta wa kizazi una uvimbe unaopitisha damu nyingi. Hufuata eksirei ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiko saratani hii hukimbilia zaidi. Idadi ya madoa yanayoonekana huingia katika alama zinazoamua dawa. Tofauti na saratani nyingi, hapa madaktari hukwepa kukata kinyama cha kupima, kwa sababu uvimbe huu huvuja damu vibaya. Homoni na picha hutosha.

Mtego uko hapa. Mwanamke anakohoa damu miezi kadhaa baada ya mimba zabibu, au hata baada ya kujifungua salama, na kila mtu anawaza kifua kikuu. Kipimo cha mimba cha bei ndogo kingeweza kuwashtua wote.

Dawa ipo. Mwaka 1956 nchini Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walianza kutibu saratani hii kwa methotreksati, na hadi leo ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi, hata zikiwa zimefika mapafuni. Wengi huzaa tena.

Baba, tunza kadi ya kliniki na majibu ya maabara. Mkienda hospitali nyingine kwa kikohozi au damu, semeni kwanza kwamba mimba ile ilikuwa zabibu.