Chipsi Mayai na Riba ya Asilimia 17

Ushauri wa kubana matumizi umejaa kila kona: acha chipsi mayai, shuka kwenye bodaboda upande daladala, beba kiporo kazini, achana na king'amuzi. Wanaoutoa mara nyingi ni watu waliokwisha kuhamia kwao. Wanaoupokea huitikia kwa adabu, huku wakijiuliza kimoyomoyo kama elfu tano ya mchana inaweza kweli kugusa deni la nyumba la mamilioni. Nimewasikia watu wakilibishania jambo hili kwa mafumbo na methali, ilhali ni suala la hesabu.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 60, wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwa deni linalobaki. Riba hiyo sikuiokota hewani: taarifa za Benki Kuu ya Tanzania kwa miaka kadhaa zimeonyesha mikopo ya nyumba ikitolewa kwa wastani wa kati ya asilimia 15 na 19. Rejesho linakuja kama shilingi 880,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, 850,000 inakwenda kwenye riba, na deni lenyewe linapungua kwa elfu 30 tu. Mwaka unakatika, umeshalipa zaidi ya milioni 10 na nusu, na ukiuliza salio unaambiwa deni limeshuka kwa takribani 390,000. Ukienda hivyo hadi mwisho, utakuwa umelipa milioni 211 kwa fedha uliyokopa milioni 60.

Wengi wakifika hapa hukata tamaa, wakaona chipsi mayai na waendelee kula. Mimi naona hapa ndipo kujibana kunapoanza kuwa na faida. Elfu tano kwa siku ni 150,000 kwa mwezi. Iongeze kwenye rejesho tangu mwezi wa kwanza, iende moja kwa moja kwenye deni la msingi, na mkopo wa miaka 20 utaisha kwa miaka 10 na miezi minne hivi. Jumla ya malipo inashuka hadi karibu milioni 128. Zaidi ya milioni 80 zimeokolewa. Ukali ule ule wa riba unaotunyonga ndio unaoipa elfu tano nguvu, kwa sababu kila shilingi iliyotoka kwenye deni mapema haizai riba tena kwa miaka yote iliyobaki. Ziada hiyo hiyo ukianza kuilipa mwaka wa kumi na tano haitafanya maajabu.

Wapo watakaosema fedha hiyo ingekaa vizuri zaidi kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au kwenye hatifungani za serikali. Kwa dharura, sawa: mwenye deni la nyumba asiye na akiba ya miezi mitatu pembeni anacheza na moto. Lakini baada ya akiba hiyo, sioni mantiki ya kuweka fedha inayokupa asilimia 12 huku unadaiwa kwa 17.

Akiba yenyewe itoke wapi? Hapa washauri wetu huwa wepesi mno. Angalia jiko la mpangaji wa chumba na sebule Tandika au Manzese. Mafuta ya kula ananunua ya kupimiwa dukani, mkaa wa kopo, sukari robo. Kila siku analipa bei ya juu kuliko jirani anayenunua dumu la lita ishirini na gunia zima la mkaa, kwa bidhaa ile ile. Anajua hilo vizuri kuliko mshauri. Asichokuwa nacho ni fedha ya dumu kwa mkupuo, maana fedha ya mkupuo imekwenda kwa mwenye nyumba, anayetaka kodi ya miezi sita mbele. Kubana matumizi kunataka mtaji. Ndiyo maana kikoba cha kina mama wanaochanga na kununua gunia la mchele kutoka Mbeya kisha wakagawana kwa kilo kimesaidia familia nyingi kuliko semina za nidhamu ya fedha.

Halafu kuna michango. Kwa mtu mwenye ajira Dar es Salaam, kadi za send-off, kitchen party na harusi, single na double, zinaweza kumeza zaidi ya chakula cha mchana cha mwezi mzima. Hapo nasema bila haya: kata. Toa kidogo, toa mapema, usikubali kuwekwa kwenye kamati. Msiba ni habari nyingine. Anayejitoa kwenye msiba wa ukoo ili awahi kumaliza deni la benki ameuza bima pekee ambayo wengi wetu tunayo, na siku atakayofukuzwa kazi ataijua thamani yake.

Hata hivyo, haya yote yanamhusu mtu aliyekwisha kupata mkopo, na hao ni wachache. Rejesho la 880,000 linazidi kima cha chini cha mshahara serikalini, shilingi 500,000 tangu Julai 2025, hata kama mtu huyo hatakula wala kupanda gari. Mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Waliobaki wanajenga kidogo kidogo: kiwanja Chanika au Kivule mwaka huu, tofali mwakani, msingi, boma, kisha miaka ya kusubiri kupaua huku majani yakiota chumbani. Kwa juu juu, hawalipi riba. Ila wanalipa kodi ya pango muda wote huo, saruji na nondo zinapanda bei kabla hawajazifikia, na milioni zao zimelala kwenye pagale lisilolaza mtu. Na mara nyingi kile kipande cha kupaua kinamaliziwa kwa mkopo wa mshahara wa muda mfupi, wenye rejesho zito kuliko la mkopo wa nyumba. Hata hivyo sitamlaumu anayechagua njia hii. Akikwama anasimamisha ujenzi, na hakuna atakayekuja kuipiga mnada nyumba yake.

Kinachonikera ni jinsi mjadala unavyoishia jikoni kwa mwananchi. Rudisha mkopo ule ule wa milioni 60, kwa asilimia 9: rejesho linashuka hadi 540,000. Tofauti ni 340,000 kila mwezi, zaidi ya mara mbili ya elfu tano zetu za kila siku. Hakuna mlo wa kuukosa utakaoleta kiasi hicho. Kenya walijaribu njia hiyo kupitia KMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za bei nafuu ili yakopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Hata wao, mwishoni mwa 2023 akaunti za mikopo ya nyumba zilikuwa kama 30,000 tu nchi nzima. Sisi tuna TMRC, kampuni ya aina hiyo hiyo, tangu 2010, na tangu hapo riba imeshuka kutoka juu ya asilimia 20, na muda wa kulipa umerefushwa hadi miaka 25. Ni hatua. Lakini kurefusha muda kwa riba ya 17 ni kumpunguzia mtu rejesho kiduchu na kumwongezea deni kubwa, na sidhani wakopaji wengi huambiwa hivyo wanapokaa mbele ya meza ya benki.

Kushusha riba kutachukua miaka. Kuna jambo ambalo Benki Kuu ingeweza kuliagiza mapema zaidi: ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa mkopo wa nyumba uonyeshe deni litakuwa limepungua kwa kiasi gani baada ya mwaka mmoja, na kulipa kabla ya muda kunatozwa nini. Hadi hapo, anayejibana aulize mwenyewe kabla ya kusaini kama ziada yake itapunguza deni la msingi siku hiyo hiyo, au itakaa kwenye akaunti ikisubiri rejesho la mwezi ujao. Jibu apewe kwa maandishi, lenye mhuri.