Bwana Shamba Anasema: Mzani Urudi Kijijini

Ndugu wakulima wa pamba,

Wengi mmeniuliza swali hili. Bei ya pamba ilipoanguka, kwa nini Serikali ilimsaidia mnunuzi, siyo mkulima?

Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani yalitetereka. Watu wa nchi nyingi wakapunguza kununua nguo. Bei ya pamba ikaanguka. Wakati huo wanunuzi wetu walikuwa wamekwisha kununua pamba yenu kwa mkopo wa benki. Waliiuza kwa hasara. Deni likabaki.

Mwenye deni benki hapewi mkopo mwingine. Bila mkopo, msimu unaofuata hana fedha. Mzani hauji kijijini. Pamba inalala nyumbani, panya wanafanya kiota. Kiwanda cha kuchambua pamba kinafungwa. Vijana wanaobeba marobota hapo wanakosa kazi.

Tarehe 10 Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 huko Dodoma. Katika mpango huo Serikali ilibeba hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Pia iliweka dhamana kwa mikopo yao. Dhamana ni kuiambia benki: huyu akishindwa kulipa, nitalipa mimi.

Basi mnunuzi alisaidiwa ili arudi kununua. Hata hivyo, wanaouliza wana haki. Hasara ya mnunuzi ilibebwa kwa fedha za wananchi, na ninyi mmo. Kwa hiyo akija, ulizeni bei kabla ya kupakua mzigo. Hakikisheni mzani unasoma sifuri. Daini stakabadhi, hata kama ana haraka.